Kahawa ya Mama Mkwe Iliyokwenda Kwenye Televisheni

Ipo jioni moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, na siikumbuki kwa uzuri wake. Tulijazana sebuleni kwa jirani yetu hapa Chapwa, Tunduma, karibu mtaa mzima, wengine wamekalia ndoo, tunasubiri taarifa ya habari iishe tumwone mume wangu kwenye televisheni. Nitakueleza ilikuwaje, maana juzi nimesikia kwamba biashara yako haijatimiza hata msimu mmoja na tayari umeomba bei za matangazo huko Dar es Salaam. Kaa vizuri. Sikukatazi, nakusimulia tu, halafu akili kichwani mwako.

Mume wangu unamfahamu, ni huyu Mzee Jailosi anayejifanya amesinzia hapo kwenye kiti. Hasinzii huyo, anasikiliza nisije nikatia chumvi. Enzi hizo alikuwa kijana wa mabega, na simu za mkononi ndiyo kwanza zinaanza kuzagaa Tunduma. Aliyekuwa nayo aliivaa kiunoni watu waione. Tulikuwa na mtoto mmoja, Atupele, ndiyo maana wote wakaniita Mama Atu. Tulifungua duka la plau, yale majembe ya kukokotwa na ng'ombe, pamoja na nira, minyororo na vipuri vyake. Ilikuwa biashara nzuri kabisa kwa eneo letu. Huku juu Mbozi watu wanalima mahindi na kahawa, kule bondeni Momba kuna wafugaji waliohamia na mifugo yao, na wote wanalimia ng'ombe. Tulianza na plau chache tulizozipanga mlangoni ili duka lionekane limejaa, na mtaji wa kuongeza nyingine hatukuwa nao.

Mtaji alikuwa nao mama mkwe wangu kule kijijini Hasamba, ila haukuwa pesa. Ulikuwa kahawa, tena kahawa iliyo bado ua mtini. Wewe umekulia mjini, acha nikueleze. Mkulima wa kahawa akibanwa na shida anaweza kumuuzia mtu mavuno yake kabla hayajaiva, miti ikiwa ndiyo kwanza imechanua. Mnunuzi anatoa bei anayoitaka yeye, na kahawa ikiiva anakuja na wachumaji wake, anachuma, anaondoka. Wewe unabaki kuangalia majani. Mama mkwe alikuwa mjane, na kahawa ile ndiyo ilikuwa chumvi yake, sabuni yake, mbolea yake na sadaka yake ya kanisani kwa mwaka mzima. Hakuwahi kuiuza ikiwa ua, hata mwaka ule aliofiwa. Lakini Jailosi alimwendea akamweleza habari za plau, na mama kwa mwanawe hana ujanja. Akaiuza kwa mnunuzi mmoja wa Ruanda, hii Ruanda yetu ya Mbozi, kwa makubaliano kwamba tukirudisha hela na nyongeza kidogo kabla ya Pasaka, kahawa itabaki kuwa yake. Hela yote akatukabidhi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Hakuhutubia. Alisema tu, "Kanunueni chuma."

Tungenunua chuma, leo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Wiki hiyohiyo akapita dukani kijana mmoja wa matangazo, katoka Dar es Salaam, amekuja mpakani kutafuta wateja. Kijana mstaarabu, simsingizii, shati limenyooka na salamu anazijua. Akamwambia mume wangu kwamba duka likionekana kwenye televisheni, nchi nzima italijua. Baba Atu akarudi nyumbani hashikiki. Nikamkumbusha kwamba wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu kwamba wahenga hao hawakuwahi kufungua duka Tunduma, na kwamba siku hizi biashara matangazo. Na kwa hilo, mwanangu, hakukosea. Duka lisilojulikana halina tofauti na stoo. Kosa lilikuwa jingine, na linakuja.

Wakaja watu watatu na kamera yao. Gari lao mafuta yetu, kulala kwao juu yetu, na kula kwao usiniulize. Mmoja alikuwa hali ugali, anataka chipsi na kuku asubuhi. Siku ya kupiga picha wakasema ng'ombe wetu wa kuazima ni wachafu, waoshwe. Nikaosha ng'ombe kwa sabuni ya unga, mimi mtu mzima, mtoto mgongoni, huku jirani mwenye ng'ombe amesimama pembeni ameshika kiuno. Kisha wakamvalisha mume wangu suti ya baba yake mdogo, wakamshikisha plau, wakamwambia alime huku anatabasamu. Mkulima gani analima na suti? Nilicheka mpaka wakanifukuza nisiharibu sauti. Jailosi akalipa, wakafunga vyombo vyao wakaondoka, na sisi tukaanza kusubiri kuonekana.

Tukasubiri. Baadaye simu ikalia, ni yule kijana, anasema sasa waongee kuhusu muda wa kuonyeshwa. Mume wangu akamuuliza muda gani tena, si ameshalipa? Yule kijana, taratibu na kwa heshima zote, akamweleza kwamba ile aliyolipa ni ya kutengeneza tangazo. Kulionyesha ni malipo mengine. Tena hulipii mara moja ukamaliza, unalipia kila linapopita, na likipita saa ya habari bei yake ni nyingine kabisa kuliko likipita asubuhi watu wakiwa shambani. Nilimwona Jailosi anabadilika rangi na yeye ni mweusi. Alipokata simu tukakaa kupiga hesabu, tukakuta kila likipita saa ya habari linakula plau mbili. Plau mbili, mwanangu, kwa nusu dakika. 

Hapo ndipo ningesema basi, yaishe, tuchukue kilichobaki tukanunue chuma. Na nilisema. Lakini mume wangu akanitolea ile methali kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikanyamaza, maana nilikuwa bado mke kijana na methali ikishatolewa unaona kama mjadala umefungwa. Siku hizi ningemjibu. Maji ukikuta yana mamba, unaruhusiwa kuvaa nguo zako ukarudi nyumbani, na atakayekucheka mwache acheke. Lakini hela ikatumwa, karibu yote, na ikatosha mara chache tu.

Basi turudi sebuleni kwa jirani. Mama mkwe alikuwa ametoka Hasamba siku hiyo na kuku wake mkononi na kitenge chake cha kanisani, akawekwa mbele kabisa kwa heshima. Habari ikaisha. Likapita tangazo la soda, mara akatokea Jailosi na suti yake. Chumba kizima kikapiga kelele, hatukusikia hata neno moja alilosema. Baba mdogo, mwenye suti, alikuwa ameinama kuchukua karanga kwenye sinia, aliponyanyuka akakuta mwanamke anafua nguo na povu jeupe. Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ametoa miwani aifute. Akaivaa, akatazama lile povu, akauliza kwa nini mwanawe amekatishwa. Tukamwambia limekwisha. Akasema basi waambieni warudishe, mimi sijaona. Tukamweleza kwamba hairudishwi, mpaka ilipiwe tena.

 Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, tumenunua plau ngapi.  Jailosi akakazia macho kwenye televisheni, na sijawahi kuona mwanamume akitazama tangazo la sabuni kwa makini vile. Mimi nilinyanyuka nikasema naenda kumwangalia kuku. Mama mkwe hakuuliza mara ya pili. Kesho yake asubuhi alipanda gari akarudi Hasamba, na chai aliyopikiwa hakuimaliza.

Simu zilikuja, nisiwe mwongo. Ilikuwa inalia mpaka betri inakwisha. Mmoja akapiga kutoka Dar es Salaam anauliza kama tuna feni. Mwingine yuko Tanga, yeye amewapenda wale ng'ombe, wameoshwa na nini. Mama mmoja wa Zanzibar alitaka kujua kama tunauza suti ile. Na waliobaki, mwanangu, walikuwa watu wa matangazo wa sehemu nyingine, wametuona, wanataka na sisi tutangaze kwao. Mtu wa kuuliza bei ya plau hatukumpata. Hata wateja wa ng'ambo, wale wa Nakonde wanaovuka kila siku, walikuwa wanaangalia televisheni ya kwao Zambia. Mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaanza kulima, na sisi tumekaa dukani na plau zetu chache, simu kiunoni.

Mvua zikiwa zimekolea akaingia dukani mzee mmoja Msukuma, mfugaji wa kule chini Kamsamba, anaitwa Mzee Masanja. Alikuwa anatafuta mnyororo, wake umemkatikia. Akasimama katikati ya duka, akageuza macho kwenye plau, akatugeukia sisi, akashika kichwa. Kumbe mpo hapa, alisema. Yeye na majirani zake walikuwa wamechangishana wakakodi lori mpaka Mbeya kufuata plau, nyumba kumi na zaidi, kila nyumba plau yake, wamepita barabara ya Tunduma hiyohiyo wakatupita. Mume wangu akamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliionea huruma, kama hawakuona tangazo kwenye televisheni. Mzee Masanja hakucheka. Alimwambia kwamba kwao umeme haujafika, na mtu wa kwao akitaka kununua au kuuza kitu anakwenda mnadani, siku ya mnada wote wanakuwa pale, ng'ombe na watu wao. "Ungeleta plau moja tu ukaisimamisha pale," alisema, "tungeinunua kabla hujashuka kwenye gari."

Alilipia mnyororo akaondoka.  Nilitaka kulia, nikataka na kumpiga mtu, sikujua nianze na lipi. Watu wetu tulikuwa tunawajua, mwanangu. Nimeishi nao, nimesalimiana nao, najua hata siku zao za mnada. Tukawaacha tukaenda kutangaza kwa watu ambao ng'ombe wanamjua akiwa mishikaki.

Pasaka ikaja, ikapita. Hela ya kukomboa kahawa hatukuwa nayo, wala nusu yake. Tulimtumia mama mkwe salamu kwa mtu wa kanisani kwao kwamba atuvumilie, naye akajibu kwa mtu huyohuyo kwamba amesikia. Neno lake lilikuwa hilo tu, na mimi likaninyima usingizi.

Msimu wa kuchuma ulipofika tukaenda Hasamba kuomba radhi uso kwa uso. Tulibeba sukari na mche wa sabuni, na nauli ya kwenda. Ya kurudi tulisema Mungu atajua. Tukakuta nyumba imefungwa, moto umezimwa. Tukasikia sauti za watu upande wa shamba, tukajua ni wachumaji wa yule mnunuzi wa Ruanda. Tukapita katikati ya miti, imeelemewa, matunda mekundu yamebanana mpaka matawi yameinama. Ule mwaka kahawa ilizaa kuliko miaka yote. Na pale mwisho wa mstari, kati ya wasichana na vijana wa kukodiwa, nikamwona mama mkwe wangu. Amefunga kikapu kiunoni, anachuma.

Nilidhani amekuja kuwatazama wasivunje matawi. Mara msimamizi, kijana mdogo tu, akachungulia kikapu chake akamwambia, "Bibi, usichanganye na mbichi, mara ya pili nakukata hela." Mama mkwe akamjibu kwamba amesikia, bosi. Akainama kuchagua zile mbichi mbili tatu akazitoa. Ile miti aliipanda yeye, mwanangu, na marehemu mume wake, kabla huyo msimamizi hajazaliwa. Alikuwa amejiandikisha kibarua kwenye shamba lake mwenyewe, analipwa kwa debe, kwa sababu chumvi ilikuwa imekwisha ndani na hakutaka kukopa kwa majirani.

 Jailosi alitupa ile sukari akaenda kasi kwa yule msimamizi amekunja ngumi, nikajua leo kutamwagika kitu. Mama yake akamwita, sauti ileile ya siku ya sebuleni, na akasimama.

"Huyo muache, hana kosa, kahawa ni yao," alisema. "Njoo hapa. Mimi nilikupa ukanunue chuma. Ungenunua chuma kikakosa mteja, mwakani bado ni chuma, ningekuja kukikalia mlangoni kwako nikasema hiki ni changu. Sasa hicho ulichonunua, mwanangu, nionyeshe."

 Jailosi angemwonyesha nini? Mama yake alimsubiri kweli, siyo kwa kejeli, alisubiri kama mtu anayetaka kuona. Alipoona hakuna, akarudi kwenye mti wake. Mume wangu akavua koti, akaomba kikapu, akasimama mstari wa pili kutoka kwa mama yake, na mimi upande wa huku, mtoto tukamlaza kivulini. Tulichuma mpaka jua linazama, na kila tulichochuma tukakimimina kwenye debe la mama. Jioni akalipwa. Akahesabu mbele yetu, akatenga ya chumvi, iliyobaki akanishikisha mimi mkononi akanikunja vidole. Ilikuwa nauli yetu ya kurudi Tunduma.

Nilitaka kukataa. Akaniambia nisiseme kitu, mtoto asije akalala njiani. Tulipanda gari, na kutoka pale Hasamba mpaka tunashuka Chapwa, Jailosi alijifunika koti usoni. Alikuwa analia, mwanangu. Naye yuko hapo anasikia, aseme kama nadanganya.

Sasa sikia ninachokuambia. Sisemi televisheni ni mbaya. Ipo siku biashara yako itakuwa na wateja Mbeya, Dodoma na Mwanza, na bidhaa imejaa stoo, siku hiyo nenda katangaze, nami nitavaa kitenge kipya nije kukutazama. Lakini leo, kabla hujatoa hata senti, jiulize anayenunua kitu chako anaishi wapi, na habari anazipatia wapi, kwenye mnada, kanisani, msikitini, foleni ya malori au kwenye simu. Mfuate hapohapo alipo. Sisi baadaye tulipeleka plau moja mnadani kama Mzee Masanja alivyotuelekeza, tukafunga ng'ombe tukalima kipande mbele za watu, na gharama ilikuwa nauli na soda ya mwenye ng'ombe. Duka hili lilisimama kwa njia hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na wakikutajia bei, usione haya kuuliza. Uliza hiyo ni ya kutengeneza au ya kuonyesha, uliza ni kwa mara moja au kwa ngapi, ni saa ngapi, na watu wake wakija nani anawalisha. Anayeuliza hapotei, na aliyejifanya anajua, yuko hapo kwenye kiti. Hela ya kutangaza iwe ile ambayo ikipotea yote, bado utakuwa na kitu cha kuuza kesho. Na juu ya yote, usitangaze kwa jasho la mtu mwingine. Kahawa ya mwenzio ikiwa ua, usiiguse. Mtu akikuamini akakupa alichonacho, nunua kitu ambacho siku akikuambia nionyeshe, utamshika mkono umwonyeshe.

Mama mkwe ametangulia mbele za haki, na kabla hajaondoka tulimrudishia msimu wake, na mwingine juu. Alipokea, akatusamehe. Jailosi bado hajajisamehe.

Nenda, mwanangu, ukafanye kazi yako. Mungu akupe wateja wanaorudi, akupe subira ya kungoja kitu kiive, na akuepushe na siku ya kumkuta mama yako kibarua kwenye shamba lake. Mikono iliyokupa mtaji na iishi mpaka ile matunda yake. Amina.